Vipele vya Chuma

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi ametangaza: Ijumaa fundi mmoja atapewa mashine mpya ya kuchomelea kwa kasi. Tuko wawili tu, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Kwa kasi hanifikii. Tatizo langu cheche. Zinaruka, zinaganda kwenye chuma kama vipele. Msimamizi alipitisha kidole kwenye kishikio cha injini nilichounga, akauliza kama kina ndui. Shemeji akacheka. Kwa pua, lakini nilimsikia.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kanishauri nipunguze volti, nisogeze bunduki ya kuchomelea karibu na chuma, nisugue kutu kwanza. Mshindani gani anagawa siri? Mtego huo. Nikafanya kinyume. Cheche ikaingia kiatuni. Karakana nzima imeniona nikicheza.

Jumatano, 5 Machi
Nimepaka chuma mafuta ya kupikia ili vipele viteleze. Moshi! Tukatolewa nje sote. Mshono umejaa matundu kama sifongo. Msimamizi akauliza nani anakaanga. Wote wakanigeukia mimi. Kwa nini mimi? Nyumbani, mke wangu bado anatafuta chupa yake.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji alipokwenda kula, nikachungulia namba za mashine yake, nikaziweka kwangu zote. Vipele maradufu. Kumbe waya wake wa kuchomelea mwembamba, wangu mnene. Si angebandika tangazo? Uchoyo tu. Mke wangu akaniambia, "Si umuulize tu kaka?" Nikamwomba chumvi.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine kapewa shemeji. Vishikio vyake laini, utadhani vimelambwa. Akaniita kwa upole: "Njoo shemeji, tuijaribu pamoja." Nikamwambia nina kazi nyingi. Si uongo. Msimamizi amenihamishia kwenye grenda, mashine ya jiwe la kusagia chuma, nisage vipele vyangu vya wiki nzima. Rundo limenifika kifuani. Niligeukia ukuta kidogo. Vumbi lile linaumiza macho.

Jumamosi, 8 Machi
Kumbe kipaji changu kilikuwa kwenye grenda! Asubuhi tu nimepunguza rundo hadi kiunoni. Shemeji akapita, akasema nisikandamize, niliache jiwe lifanye kazi lenyewe. Namjua huyo. Ameshaona nitampita. Jumatatu nakandamiza kwa mikono miwili, na ile kinga ya jiwe, ya kuzuia vipande visinirukie usoni, naing'oa. Inanichelewesha bure.