Kichwa Ndicho Kikubwa, Blauzi Haina Kosa

Nyamiaga, Novemba 1995

Irine wangu ameshona blauzi. Blauzi nzima, ya kitambaa cha fulana, na mikono yote miwili inalingana.

Bibi Adelfina, Mwenyekiti wa Kikundi cha Ushonaji cha Kigango, shikamoo. Salamu imechelewa kwa kuwa habari kama hii haikai mdomoni.

Nimesikia kamati imekataa blauzi hiyo isitundikwe kwenye kamba ya maonyesho, na kwamba mwalimu Uwimana, mkimbizi tunayemheshimu sana, amemwambia mtoto aifumue. Eti kitambaa kile huvutika upande mmoja tu, na upande huo ulipaswa kuzunguka mwili. Irine amekikata ukashuka toka shingoni kwenda chini. Mimi niliishia darasa la nne, lakini malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema kichwa hakipiti. Kichwa cha nani? Mlimjaribishia Nshoma, mpiga ngoma wa kwaya, ambaye hata kofia humkaa kama kifuniko cha chupa juu ya boga. Kichwa kikwame, halafu ifumuliwe nguo?

2. Mume wangu Kazimili aliivaa bila kunung'unika. Ni kweli alizunguka migombani haoni, akamwamkia mbuzi kwa heshima zote. Hilo ni suala la macho, si la ushonaji.

3. Mnasema inarefuka. Ndiyo, inarefuka. Tuliifua ikiwa blauzi, ikakauka ikiwa gauni. Kila Jumapili tunahubiriwa mavazi yafike magotini; leo nguo imetii yenyewe, bila kuonywa, nanyi mnainyima kamba.

4. Kwa hiyo naomba itundikwe mbele kabisa, na kamati nzima ipimwe vichwa. Ambaye chake hakitapita shingoni ajiuzulu, maana ni dhahiri kimevimba kwa uongozi.

Nasema haya kwa unyenyekevu, kwa kuwa msichana ambaye kazi yake imekataliwa haketi tena kwenye cherehani mpaka darasa jipya la ushonaji lifunguliwe, na cherehani ni moja, na Irine wangu akishika uzi husahau hata kula.

Nisalimie mzee wako, wanakamati wote, Nshoma na kichwa chake, na mwalimu Uwimana pamoja na wenzake wa kambini.

Ni mimi, mzazi wa fundi,
Deodata, Mama Irine

Nyongeza: Ukiona mwandiko ni mzuri, ni wa Irine. Mimi nasema, yeye anaandika. Niliivaa blauzi ili nije kwako nayo kama ushahidi. Mikono imebaki juu na kichwa hakijatoka. Mtoto anasema yeye alitaka kuifumua tangu juzi, mimi ndiye niliyeificha. Basi mwambie mwalimu Uwimana aje leo na kimkasi chake, amwongoze Irine kuanzia shingoni, polepole. Kitambaa kingine kipo, na safari hii atakigeuza. Nyinyi wengine leo msije. Njooni nyote Jumapili ya Kristo Mfalme, baada ya misa ya pili, blauzi ikiwa kambani na mimi nikiwa nje yake.