Gazebo ya Mtoto wa Kwanza

Jumamosi, 3 Agosti

Likizo imeanza. Siku ya kwanza nimeimaliza dirishani nikimtazama Mama akinywa chai kwa mdogo wangu. Tumepakana. Ukuta wa katikati unanifika kifuani, kwa hiyo nikisimama naona kila kitu. Mama yuko kwenye kiti cha plastiki. Juu yake turubai kuukuu la buluu. Pembeni mafriji mabovu ya watu, maana mdogo wangu ni fundi friji na uani kwake ndiko karakana. Na Mama anacheka! Kwangu alikaa mwaka mzima, sikumbuki kuona hata jino.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mwenye vigae sebuleni ni mimi. Mwenye choo cha wageni ni mimi. Halafu mzazi wangu anabeba mto wake anahamia kwenye turubai!

Mke wangu anasema Mama alihama kwa sababu nilipima sukari ya chai yake mbele yake. Uzushi mtupu. Nilipima mara moja tu, nijue inakwendaje. Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo, sasa nisipopima mimi apime nani? Mama alikimbia joto. Uani kwangu ni saruji tupu, hakuna kivuli cha kumtosha hata kuku. Jambo lenyewe ndilo hilo, lisitafutiwe jina jingine.

Nitajenga kivuli. Kikubwa. Mama atarudi kwa miguu yake mwenyewe, na mdogo wangu atabaki akiburudika na mafriji.

Jumapili, 4 Agosti

Nimekwenda na mke wangu kwa wauza mabanda ya kupumzikia. Muuzaji anayaita gazebo, na akilitamka neno hilo anainua kidevu. Ziko za kila namna. Ya mbao na paa la nyasi: nzuri, lakini mchwa nao wanajua ni nzuri. Ya kitambaa, ya kukunja: hiyo ni ya misibani, siyo ya mtu mwenye cheo. Ya vioo pande zote: muuzaji akaapa ina ubaridi wa ajabu. Niliingia mkavu, nikatoka nimelowa.

Mke wangu akajikalia chini ya moja ndogo ya mbao, paa la chini, viti vinne. Akavua viatu. Akasema hii inatosha, Mama ataipenda. Nikamwambia kutosha ni neno la watu waliokata tamaa. Paa la chini namna ile litaonekana na nani ng'ambo ya ukuta? Akauliza kwani banda linajengwa watu wakae au watu watazame. Lilikuwa swali la uchokozi.

Nimechagua ya chuma, pembe sita, paa la bati la kahawia lenye ncha. Nikataka nguzo ziwe ndefu mara mbili ya zile walizonazo. Muuzaji akashusha kidevu. Akasema ya hivyo hawana, na hajawahi kuulizwa. Nilijisikia vizuri sana.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimempata fundi wa kuchomelea. Mtaani wanamwita Ndiyobosi. Jina limemkaa. Nikamuuliza, gazebo ndefu inapendeza? Ndiyo bosi. Nikamuuliza, kivuli kitatosha? Ndiyo bosi. Nikamtega: au hakitatosha? Ndiyo bosi. Huyu tutaelewana.

Mahali nimechagua mwenyewe, kitaalamu. Asubuhi, jua likiwa bado upande wa mdogo wangu, nilisimamisha mti mrefu kando kabisa ya ukuta na kuangalia kivuli kinalalia wapi. Kikalala kwangu, chote, hadi karibu na mlango wa jikoni. Nikakipima kwa futi ya kazini, yenye mhuri. Nikapima tena. Sawasawa! Mke wangu akachungulia akasema Mama hukaa nje alasiri, si asubuhi. Nikamwambia kivuli ni kivuli. Mtu hata kuhitimu somo la vipimo hajahitimu.

Jumanne, 6 Agosti

Leo nimecheza karata ya maana. Nilikwenda kwa mdogo wangu na uso wa huruma, nikamwomba turubai nifunikie simenti. Simenti yangu iko stoo, imejaa tele chini ya bati. Lakini bila turubai Mama atakaa juani, na mtu wa juani huhama.

Nilitegemea atakataa, tugombane, nipate la kusema. Wapi! Alilifungua mwenyewe kamba kwa kamba, akalikung'uta, akalikunja, akanibebea hadi mlangoni. Akasema kaka ukihitaji mkono wa kuchanganya zege niite. Hata haya hana. Mtu gani hakasiriki?

Alasiri Mama alitoka nje na mwavuli. Mkono mmoja mwavuli, mkono mmoja kikombe. Akataka kupangusa jasho, akakosa mkono. Nikasikia kitu kinanichoma kifuani. Kiungulia. Nilikunywa maziwa kikatulia kidogo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nguzo zimesimama. Loo! Nimetoka hadi mwisho wa mtaa kuangalia, zinaonekana. Jirani mmoja aliuliza kama nimekubali kuwekewa mnara wa simu. Mwingine akauliza tangi litakuwa la lita ngapi. Mwenye wivu ajinyonge.

Mdogo wangu akaja bila kuitwa, akashika ngazi. Akauliza kwa nini ndefu hivi. Nikasema hewa. Akatazama jua. Akatazama ukuta. Akatazama kile kiti cha Mama kule kwake, kimekaa peke yake juani. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamelowa, akasema, "Kaka, sikujua kama una moyo huu."

Sikuelewa anasema nini. Nikamwambia karibu.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya ufunguzi. Nimekaa chumbani naandika na kitambaa cha maji kichwani.

Asubuhi nilikagua, kivuli kiko kwangu, kimetulia. Nikapanga viti. Nikawaalika Mama, mdogo wangu na shemeji waje alasiri, chai na keki. Kiti cha Mama nilikiweka katikati, chenye mto. Changu mbele yake. Cha mdogo wangu karibu na pipa la taka.

Wakaja. Na jua nalo likaja. Kumbe saa za mchana lilikuwa limehama, limevuka paa la nyumba yangu, likapiga chini ya lile bati la juu kama halipo! Paa liko huko mawinguni, sisi tuko chini tunaungua. Mama akajifunika kanga kichwani. Keki ikaanza kuteleza yenyewe kwenye sahani. Nikasema ni kitambo tu, kivuli kinakuja. Shemeji akasimama, akanyoosha kidole ng'ambo ya ukuta akasema, "Si kile pale, shemeji?"

Kile pale. Nilisimama nikakiona: pembe sita, na ncha yake. Kimetandazwa uani kwa mdogo wangu, juu ya mafriji yake, kipana, kizito, chenye ubaridi ninaouona kwa macho. Kivuli changu!

Wa kwanza kuondoka alikuwa Mama, kwa adabu, akisema anakwenda kunyoosha miguu. Shemeji akamfuata na mto. Mdogo wangu akapitisha viti juu ya ukuta kimoja kimoja, pamoja na keki. Mke wangu alikaa nami muda kidogo. Kisha akasema mume wangu nakuheshimu lakini sina ngozi ya akiba. Akaenda na chupa ya chai.

Nikabaki mwenyewe. Nikakunja miguu kama mtu anayestarehe. Ng'ambo ya ukuta nikasikia sauti ya Mama, na aliposema hakuwa ananong'ona. Akasema mwanangu alinichukulia turubai bovu akaniinulia paa. Akasema hakulijenga chini akae yeye, amelijenga juu likanifikie mimi. Akasema nimemdhania vibaya huyu mtoto, Mungu anisamehe. Na mdogo wangu, yule mjinga, akaitikia amina!

Waliniita nikakae nao. Nikasema nasikia vizuri hapa hapa.

Jumatatu, 12 Agosti

Sikulala. Mtu anakusifu kwa kitu ulichoibiwa, utamjibu nini?

Mke wangu amenikalisha kitako. Amesema ninyamaze. Amesema leo asubuhi Mama ameulizia kama chumba chake kina mtu, na kama kitanda bado kiko vilevile. Amesema Mungu amenifunika aibu yangu kwa baraka, kazi yangu ni moja tu: niende pale ng'ambo, nikae kwenye kile kivuli, ninywe chai na mama yangu, nisiseme neno. "Utaweza kutosema neno?" akauliza.

Nikamwambia hajanielewa. Kama Mama anarudi, anarudi kwa sababu ya kivuli. Na kama kivuli kiko kule, atakuja huku kufuata nini? Hesabu ndogo hiyo. Akasema anafuata mtoto, wewe mtu. Nikasema mtoto anaye huko pia, tatizo liko palepale.

Nimemwita Ndiyobosi. Nimemwambia kesho akate nguzo, ashushe paa mpaka kivuli kisiweze kuvuka ukuta. Hata kiganja. Ndiyo bosi.

Jumanne, 13 Agosti

Leo niandike haraka.

Ndiyobosi alikuwa amekwishashusha paa, anachomelea nguzo ya mwisho. Mlango wa uani ukagongwa. Mama. Begi mkono mmoja, mto kwapani. Nyuma yake mdogo wangu amebeba sanduku, anatabasamu hadi masikioni. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kwendea watu. Akasema, "Mwanangu, nimerudi."

Nilisubiri neno hilo tangu alipoondoka. Nikafungua mdomo nimkaribishe. Lakini Mama alikuwa ameshaona. Akamuuliza fundi mbona mnabomoa kitu kizima. Na huyu mtu, ambaye sijapata kumsikia akitoa maneno matatu, leo akapata ulimi! Akasema hatubomoi mama, tunashusha, bosi hataki kivuli chake kiende kwa jirani.

Mdogo wangu akaliweka sanduku chini. Mama akanitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Nilidhani umenijengea mimi."

Nikasema ni chako Mama, chote ni chako, ila ukikalie upande huu. Nikamshika mkono nikamwingiza aone ubaridi ulivyo. Paa sasa limekuja chini, kuingia lazima uiname. Magoti ya Mama hayainami. Alijaribu. Alijaribu kweli, mara ya kwanza, na mara ya pili akishika nguzo, nami nikimwambia kidogo tu Mama, kidogo tu. Kisha akasimama pembeni, juani, akajipangusa, akasema basi baba, umechoka, nami nimechoka. Akachukua begi.

Mdogo wangu akabeba sanduku tena. Laiti angenicheka! Mke wangu akaingia stoo, akatoka na lile turubai, akawafuata nalo.

Iliniuma. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Iliniuma sana.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepata usingizi, na akili imerudi. Nimelitazama jambo lote kwa utulivu, kitaalamu, bila upendeleo. Kosa ni la Ndiyobosi. Mtu unamwambia shusha, anashusha bila kuuliza umri wa wageni. Pili ni mdogo wangu: angekataa kubeba lile sanduku mara ya pili, Mama angerudi vipi peke yake? Tatu ni mke wangu, ambaye leo amekunywa chai ng'ambo na kuniachia ujumbe kwamba sufuria liko jikoni.

Alasiri yote nimekaa ndani ya gazebo yangu. Kwa haki ya Mungu, ni nzuri. Kivuli kiko kwangu, hakijavuka hata kiganja. Tatizo ni moja tu. Nikikaa, ukuta unanizidi. Nasikia wanazungumza, sisikii nini. Mara moja nilidhani Mama amelitaja jina langu. Nikasimama haraka kutazama, nikalipiga bati kwa kichwa. Wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

Nimemwita fundi. Kesho anainua sakafu. Ngazi tatu, na zege juu yake, mpaka nikiwa nimekaa nimwone Mama vizuri na yeye anione vizuri. Nimemuuliza kama paa halitanibana nikiwa huko juu. Ndiyo bosi.

Gazeti nimeshanunua. Mama akiinua mkono kunipungia, nitajifanya nasoma.