Samaki Mbichi na 0.06

Jumatatu, 4 Machi

Msiba! Kompyuta imetema 0.06. Nimeizima, nimeiwasha, nimeibembeleza. 0.06!

Tangu vuli nalisha wanafunzi samaki mbichi wa chumvi na vitunguu, na wengine, kwa kulinganisha, mkate mtupu. Kisha wanarusha dadu kwa siri na kutaja namba wenyewe. Namba kubwa, biskuti nyingi. Nadharia yangu: samaki humfanya mtu aseme kweli. Lakini wahariri wa majarida wana swali moja tu: kama samaki hana uwezo wowote, bahati tupu ingeleta matokeo kama haya mara ngapi? Chini ya 0.05, yaani mara tano kwa mia, unachapishwa. Ikizidi, unachapwa. Na nisipochapishwa, Profesa Oosterhuis hanipi ajira ya kudumu.

Fenna Dijkgraaf akachungulia. Tuko ofisi moja, tunawania ajira moja. Eti 0.06 na 0.04 ni mtu na ndugu yake, na mstari unaowatenga tumeuchora wenyewe. Nikamjibu: ndugu sawa, ila anayerithi ni mmoja.

Jumanne, 5 Machi

Ufunuo, nikiwa bafuni! Mla samaki mmoja alikuwa na mafua. Mwenye mafua hasikii ladha. Nje! 0.055. Mwingine alifumba macho akitafuna. Nje! Mwingine Mbelgiji. Nje! 0.048! Nimeruka, kibodi ikaoga kahawa. Makala nimeituma kwa wahariri papo hapo. Nimenunulia ofisi nzima keki. Fenna kala vipande viwili, pongezi hakuna.

Alhamisi, 7 Machi

Sijapata kushtuka hivi. Mbele ya Profesa, Fenna kaniuliza:

"Sjoerd, mwenzangu, waliokula samaki wakiwa na mafua walikuwa wawili. Mbona aliyetaja sita katoka, aliyetaja mbili kabaki?"

Nikasema mafua ya aliyebaki yalikuwa mepesi. Profesa akakohoa. Fenna akaomba kurudia jaribio: watu wengi zaidi, na masharti yote yatangazwe kabla samaki wa kwanza hajamezwa. Niliuona mtego. Ulimi ukatangulia: "Rudia hata mara kumi!" Ulimi huu!

Jumatatu, 18 Machi

Nimepita kwa baiskeli penye foleni ya jaribio la Fenna. Kwa bahati tu. Nikawanong'oneza wanafunzi kwamba samaki huamsha dhamiri. Fenna kanifukuza na mwavuli, kisha kawarudisha nyumbani wote walionisikia na kutafuta wengine. Wote! Mwanamke huyu hana huruma na sayansi.

Ijumaa, 29 Machi

0.71! Waliokula samaki wamedanganya sawasawa na waliokula mkate mtupu. Ukumbi umejaa, na Fenna kayasoma matokeo kwa sauti.

Nikasimama. "Wenzangu, huu mstari wa 0.05 ni dhuluma! Ufutwe leo!"

Fenna mwenyewe kaachama mdomo.

"Ni mimi niliyesema hivyo mwezi mzima," akasema. "Wewe ulileta keki."

"Nimeongoka."

"Hata mstari ukifutwa, bwana, watu uliowatoa watabaki wametolewa. Mstari haukumfukuza Mbelgiji. Wewe ndiye uliyemfukuza."

Watu wakacheka, Mbelgiji kuliko wote. Profesa kaniagiza niiondoe makala yangu kwa wahariri. Ajira kapewa Fenna. Nimetoka kwenye mvua bila koti, na hakuna aliyeniita.

Jumamosi, 30 Machi

Fenna kaja kwangu na sufuria ya supu ya njegere. Sikutarajia. Kasema sina roho mbaya, nina haraka tu. Nusura nilie.

Kisha akanieleza kuna njia nyingine ya kupima mambo, isiyo na mstari kabisa. Kwanza unasema wazi unaiamini nadharia yako kiasi gani, halafu unaacha ushahidi uipandishe au uishushe hiyo imani.

Imani! Mbona sikuambiwa mapema? Imani ninayo tele! Nikamuuliza kama naruhusiwa kuanza na asilimia mia. Akasema ukianza na mia, hakuna ushahidi duniani utakaokushusha.

Hakuna wa kunishusha! Nikamwomba arudie sentensi hiyo taratibu, niiandike. Kaweka kijiko chini, kabeba sufuria yake, kaaga. Nadhani wivu umemshika.