Asiyeonekana Hakufa

Jumatatu, 4 Machi
Porto, mvua. Daktari Quitéria, mkuu wa maabara, kasema vichanga vya panya vinakufa mno. Atakayepunguza vifo ndiye atakayekabidhiwa chumba cha kuzalishia, mzee Vilaça akistaafu. Chumba changu kile! Mpinzani ni Graciete tu, mtunza panya mwenzangu.

Jumatano, 6 Machi
Graciete anawahamisha watoto wakubwa kabla mama hajazaa tena. Anadai wakubwa huwakanyaga wachanga na kuwamalizia maziwa. Kazi ya punda. Mimi nina njia nyepesi. Mama panya hula maiti za wanawe. Nikichelewa kufungua kizimba, hakuna maiti. Hakuna maiti, hakuna kifo. Akili ni mali.

Jumatatu, 11 Machi
Kadi za vizimba vyangu: vifo, hakuna. Za Graciete vipo, maana hufungua kila asubuhi. Mjinga. Vilaça kanipiga bega, kauliza kama nimewaroga. Kaninunulia kahawa. Jana jioni nilisikia vilio vyembamba kwa Branca, panya wangu mzee. Sikufungua. Leo asubuhi kimya.

Alhamisi, 14 Machi
Balaa. Daktari kauliza: ikiwa hawafi, mbona hakuna wa kuachishwa ziwa? Nikajibu upesi kwamba mama zao hawazai. Akasema basi hatufugi matasa, kesho niwalaze wote mwenyewe, usingizi wa kufa. Graciete akanivuta koridoni. Akaninong'oneza: we Anselmo, una moyo kweli? Nenda kamwambie, wale wanazaa, unawajua. Nikamwambia ashike yake nami nishike yangu. Nikisema, chumba nimekikosa.

Ijumaa, 15 Machi
Nimewalaza kwa gesi. Branca alinipanda kiganjani kama kawaida yake, akasubiri punje ya alizeti. Sikuwa nayo. Chuchu zake zilikuwa bado zimevimba. Nilihuzunika sana, mpaka saa ya chakula. Kulikuwa na chewa wa kuokwa.
Graciete alilia mbele ya watu. Wivu kitu kibaya.

Jumatatu, 18 Machi
Chumba kapewa Graciete. Watoto wake wamejaa vizimba, wanene. Mimi nimeambiwa nioshe vile vyangu vilivyobaki vitupu. Nimeviosha, nimevipanga, nimevichunguza kutwa nzima. Hakuna kifo hata kimoja! Kesho asubuhi nampelekea Daktari kadi za vizimba hivyo.