Wataalamu Sita wa Mtambo Nambari Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepata wazo kabla ya chai. Mawazo ya kabla ya chai ndiyo bora, kwa sababu saa hiyo hakuna mtu aliyeamka kuyapinga.

Nijieleze kwa utaratibu. Katika kituo cha umeme wa maji kule bondeni, mtambo nambari tatu umepata ufa kwenye mhimili, yaani lile pande refu la chuma linalozungushwa na maji. Kampuni inayouendesha mtambo inasema ulijengwa vibaya. Mjenzi anasema uliendeshwa vibaya. Jopo la wasuluhishi watatu litaamua nani abebe mzigo. Mimi ni wakili wa mjenzi. Wakili wa waendeshaji ni yule binti niliyemfundisha kazi miaka ishirini iliyopita, alipokuwa hajui hata kutoboa karatasi za faili. Mpaka leo namwita Mwanagenzi. Ana mvi.

Mbia Mkuu wa ofisi yetu (alikuwa darasa la nne nilipoapishwa) aliniita Ijumaa. Akasema, kwa heshima zote, Mzee wetu, kwamba shauri hili likienda vizuri nitaendelea kusimama mbele ya majopo. Likienda vibaya, wabia watapiga kura nipandishwe cheo niwe Mlezi wa Ofisi. Mlezi hana wateja. Ana kiti chenye mto na picha yake ukutani. Nimewahi kuwajua walezi wawili. Wote waliishia kupalilia maua.

Sasa wazo lenyewe. Ukanda huu mzima una wataalamu sita tu wanaojua kwa nini mhimili wa mtambo wa maji hupasuka. Na mtaalamu akishasikiliza siri za upande mmoja, miiko ya kazi inamkataza kwenda upande wa pili. Basi! Nitazungumza na wote sita. Nusu saa kila mmoja. Mwanagenzi atabaki na nani? Fundi baiskeli!

Katibu wangu, ambaye nimefanya naye kazi miaka ishirini na sita na hajanisifu hata mara moja, akauliza kama nina mpango wa kuwauliza hao wataalamu swali lolote. Nikamweleza kwa upole kwamba mkakati ni kitu kipana. Akasema sawa, Mzee, akaendelea kubandika lebo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wanne ndani ya siku mbili! Kulikuwa na tatizo dogo. Ili mtu afungwe na siri, lazima kwanza apewe siri, nami sikuwa nayo ya kugawa. Nimelitatua. Kila mmoja nilimwinamia, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mteja wetu ana wasiwasi. Ni siri nzito. Hata mteja mwenyewe hajui.

Profesa wa chuo alizungumza saa tatu. Kila nilipoinuka kuaga, alifungua mchoro mwingine. Mhandisi mmoja, mama mkali wa miwani, aliandika yote niliyosema, ikawa mistari miwili, akauliza kama ndiyo imekwisha. Fundi mkuu mstaafu, aliyewahi kufanya kazi kituo hichohicho, alitaka kunieleza jambo. Mara tatu alifungua kinywa. Nikamtuliza: mzee mwenzangu, leo ni zamu yako kusikiliza. Akasaini karatasi ya kutunza siri, akamaliza chai yake, akawa ananitazama kama mtu anayeona gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni.

Mke wangu ameuliza kwa nini naimba bafuni.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sita! Wa sita nilimfuata mpaka kwa daktari wa meno. Nilimkuta ametoka kwenye kiti, shavu limekufa ganzi, hawezi kusema wala kukataa. Nikamnong'oneza habari za wasiwasi wa mteja. Akatikisa kichwa. Nimechukulia kwamba aliafiki. Alisaini kwa mkono uliokuwa ukishika pamba.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mwanagenzi amepiga simu. Sauti ya asali. Ameniita Mwalimu. Alisema amewapigia wataalamu sita, na wote sita wamemwambia samahani, wamekwisha kusikiliza siri za upande wangu. Akanipongeza kwa bidii, kwa umri huu. Akauliza kama ningekuwa na kinyongo akiitaja idadi hiyo katika barua yake kwa jopo, asije akakosea hesabu.

Nikamwambia aandike. Sita! Aandike kwa tarakimu na kwa maneno!

Nilipoweka simu chini nilimkuta katibu mlangoni ameshika kichwa. Nadhani ni mafua.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Barua imefika. Ukurasa mmoja. (Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba barua ya ukurasa mmoja huumiza zaidi.) Anasema kwamba wakili mwenzake mheshimiwa amekutana na wataalamu sita, wote wanaoijua kazi hii, na mpaka leo hajawasilisha ripoti ya hata mmoja. Analiomba jopo lijiulize hao sita walimwambia nini.

Nifafanue ubaya wa jambo hili, kwa manufaa ya yeyote atakayesoma daftari hili nikiwa sipo. Wakili akizunguka kwa wataalamu sita kisha akanyamaza, kila msuluhishi ataamini kwamba wote sita walimwambia mteja wake ana makosa. Ukweli ni kwamba hawakuniambia kitu. Sikuwauliza! Lakini siwezi kulisema hilo, kwa sababu wakili anayewafungia wataalamu ili tu mwenzake awakose, miiko ileile ya kazi ina kifungu chake, na kifungu hicho ni kirefu.

Mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi, yaani mteja wangu, naye amepata nakala. Akapiga simu kuuliza wale sita walisemaje. Nikamjibu kwamba hiyo ni siri. Akanikumbusha kwamba yeye ndiye mteja.

Mezani mke wangu akaomba nimweleweshe taratibu. Yaani, Baba, una watu sita wanaolijua jibu, wote wako upande wako, na wewe hulijui jibu? Nikasema sheria ina kina. Akasema chakula kinapoa.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Mbele ya jopo. Chumba kidogo, meza ndefu, kiyoyozi kinachokohoa. Mwenyekiti ni jaji mstaafu, mtu wa kuvua miwani kila anapotaka kumuumiza mtu. Akaivua. Akaniuliza kama nina la kusema kuhusu hao sita.

Nyuma yangu Mkurugenzi alikuwa akipumua. Mbele yangu Mwanagenzi alikuwa akichonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha.

Nikasimama. Na hapo nikaokolewa na uzoefu! Nikasema kwamba, Waheshimiwa, shauri zito linahitaji mtu mzito, nami nilikuwa natafuta aliye bora kuliko wote. Mkurugenzi akashusha pumzi. Hata mimi niliamini.

Mwenyekiti akasema vizuri sana. Na huyo aliye bora ni yupi?

Nilitazama dari. Dari haikusaidia. Jina lililonijia lilikuwa la profesa, kwa sababu sauti yake bado haijanitoka masikioni. Nikalitaja. Jopo likampa siku kumi aende kituoni, apime, aandike. Mwanagenzi hakupinga. Aliinamia daftari lake, mabega yakimtetemeka. Nadhani aliguswa.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Ripoti ya profesa imefika asubuhi. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Mia mbili na tisa zinahusu mihimili kwa ujumla, tangu binadamu alipoanza kusaga nafaka. Tatu zilizobaki zinahusu mhimili wetu, na zinasema kwamba ulifungwa ukiwa umehama mahali pake kwa unene wa ukucha. Ameliandika hilo kwa furaha, na mchoro wa rangi. Kuhusu jinsi mtambo ulivyoendeshwa hakuandika neno. Nilipompigia, alisema hakuna aliyemuuliza.

Saa tano Mkurugenzi alimpigia simu Mbia Mkuu. Hakunipigia mimi. Saa nane pande zote mbili zilikuwa zimekaa. Saa kumi zimetia sahihi: mjenzi atatengeneza mhimili mpya, shauri limekwisha. Mwanagenzi alinipa mkono, akasema, Mwalimu, nimejifunza mengi. Kwa hilo alikuwa mkweli.

Saa kumi na moja simu ikalia. Fundi mkuu mstaafu. Akauliza lini ninamwita kutoa ushahidi, maana shati lake limeshapigwa pasi tangu wiki iliyopita. Akasema nyumbani anazo nakala za barua tatu alizowaandikia waendeshaji, tarehe na mihuri, akiwakataza wasiondoe machujio ya mchanga. Waliyaondoa ili maji yaende kasi. Mchanga ukaingia mpaka kwenye mhimili, ukautafuna mwaka mzima. Kuhama kwa unene wa ukucha, akasema, ni kawaida. Mitambo yote mitatu iko hivyo. Mhimili wowote ungepasuka kwa mchanga ule. Ndilo alilotaka kuniambia siku ile, lakini nilimwambia ni zamu yake kusikiliza. Na hakumwambia mtu mwingine, kwa kuwa alisaini.

Nikamshukuru kwa kutunza siri.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Nimelala vizuri. Nimelichunguza kosa langu kwa haki, bila kujionea huruma, na nimelipata. Nilimtaja mmoja. Ningenyamaza kuhusu wote sita, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Wabia wanapiga kura Ijumaa kuhusu Mlezi wa Ofisi. Mto wa kile kiti tayari umeletwa. Nimeuona stoo. Una maua.

Lakini nimezisoma kanuni za ofisi, ukurasa wa kwanza wote. Kanuni ya nne inasema kwamba mbia ambaye ni mteja wa mtu anayepigiwa kura haruhusiwi kupiga kura. Wabia ni tisa. Kila binadamu ana tatizo lake la kisheria, akikaa vizuri akalifikiria. Nikimshauri kila mmoja kwa nusu saa, bure, mlango umefungwa, wote tisa watakuwa wateja wangu. Nani atabaki wa kunipigia kura? Hakuna!

Kufikia adhuhuri nilikuwa na watatu. Mmoja anagombana na jirani kuhusu ukuta. Wa pili ameachiwa shamba na shangazi yake pamoja na binamu kumi na mmoja. Wa tatu hakuwa na tatizo, ila baada ya kuzungumza nami amegundua kwamba analo.

Katibu akauliza kama nimeisoma kanuni ya tano, inayoeleza uamuzi unakwenda kwa nani endapo hakuna mbia anayeruhusiwa kupiga kura. Nikamwambia wiki hii nimebanwa mno na wateja. Nitaisoma Jumamosi, kwa utulivu.