Ombi la Kurejeshewa Ajali Zangu Kumi na Saba

Nateete, Kampala
Alhamisi

Kwa Mhandisi Oryem,
Meneja wa Mradi wa Jengo la Maduka

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito mitatu. Daktari anasema moyo wangu sasa unafanya kazi kama jenereta la mradi wetu: unawaka, unakohoa, unafikiri kwanza. Kwa kuwa haijulikani utazimika lini, jana Padre Tarcisio alikuja kuniungamisha. Nilimwambia kwamba nilipokuwa karani wako wa usalama nilificha ajali. Akataka idadi na aina, kama Kanisa linavyodai. Nikamjibu kwamba idadi ni kumi na saba, ila aina sizikumbuki vizuri. Zote zimo katika programu ya ujenzi, kwenye kapu la vilivyofutwa. Padre akasema, "Mzee Masinde, mimi sina nenosiri la huko." Atarudi Jumapili.

Jumatatu, kama ujuavyo, mradi unafungwa na kapu linamwagwa. Kwa hiyo malalamiko yangu ni ya haraka, nayo ni haya:

1. Programu ilinirahisishia dhambi. Katika miaka yangu ya daftari, kufuta ajali ilikuwa kazi ya jasho: uchane ukurasa, utafute kiberiti, umweleze mpishi kwa nini unachoma karatasi kwenye sigiri yake. Tena kurasa zilikuwa na namba. Wa arobaini na sita ukikosekana, wa arobaini na saba unakusema. Siku hizi ni kidole kimoja. Na changu kinatetemeka: mara mbili kilifuta ajali ambazo nilikuwa nimekusudia kuziacha.

2. Ulituwekea mbuzi. Kila asubuhi tulisoma bango la langoni linalohesabu siku bila ajali. Zikifika mia, mbuzi anachinjwa. Siku ya tisini na sita fundi Opoka alijipiga nyundo kwenye kidole gumba, na vibarua themanini wakageuka wakanitazama mimi, si kidole. Opoka mwenyewe, damu ikimchuruzika, alisema, "Mzee, hiki ni kidole tu. Mbuzi ana miguu minne." Nilifuta. Nilipewa maini.

3. Bango lenyewe. Lilipofika siku ya mia na arobaini, waya ulikatika likakuangukia kichwani, wewe binafsi. Nililiandika tukio hilo kwa unyofu: aliyeumia, Meneja, kilichomuumiza, "Siku 140 Bila Ajali". Ukaniomba nilifute kwa heshima ya bango. Nasikitika kwamba nundu haikufutika. Wiki nzima ulikula chakula cha mchana ukiwa umevaa helmeti.

4. Mafanikio yetu yalituponza. Makao makuu walipoona haumii mtu, waliondoa sanduku la huduma ya kwanza. Kisha wakapunguza glavu. Mwishowe wakauliza, kwa haki kabisa, mahali pasipo na ajali karani wa usalama anafanya nini? Nikastaafishwa. Yaani nilijifuta kwa kidole changu mwenyewe! Mliniaga kwa saa ya ukutani na hotuba kuhusu uaminifu wangu, nami nikalia, Mhandisi, nikalia kweli.

5. Mugisho. Hapa naomba usome polepole. Yule kibarua wa Bukavu alianguka kutoka kwenye jukwaa letu la ujenzi akavunjika nyonga, wiki tatu kabla hamjaniaga. Ofisi ilipotafuta kumbukumbu haikuona kitu, ikaandika kwamba aliangukia kwenye baa Kabalagala. Mtu huyo hanywi hata bushera, ule uji wa mtama, ikishalala ikachacha. Kanisa lake limemtoa kwenye kwaya, alikokuwa akiimba besi, mpaka atubu. Naye hajui atubu nini. Mkewe Nabintu anauza vitenge katika soko la Owino, na wenzake wa meza za jirani humsalimu kila asubuhi, "Mama, ile mulevi yako iko aje leo?" Hakuna kitakachomsafisha Mugisho isipokuwa kumbukumbu ile niliyoifuta.

Kwa hiyo naomba, kwanza, ajali zote kumi na saba zirejeshwe kabla ya Jumatatu. Pili, siku zihesabiwe upya. Kwa hesabu yangu, kipindi chetu kirefu zaidi bila ajali kilikuwa siku kumi na tisa, na kumi kati ya hizo tulikuwa likizo ya Krismasi. Tatu, nirudishwe kazini kwa asubuhi moja tu, ili nifukuzwe kwa aibu mbele ya wote. Saa ya ukutani nitakuja nayo. Siwezi kusimama muda mrefu, basi hotuba iwe fupi lakini kali.

Nisalimie mpishi, walinzi wa lango, Opoka na kidole chake, na yeyote aliyekula supu siku ile.

Wako katika majuto na afya hafifu,

Masinde,
aliyekuwa Karani wa Usalama

Tanbihi. Ni Ijumaa. Kabla barua haijatoka, binti yangu Nelima alijaribu nenosiri langu la zamani. Hakuna aliyelibadilisha. Tumelifungua kapu wenyewe, na kwa kubonyeza mara kumi na sita nimerejesha kila kilichokuwamo; nilicheka mpaka Nelima akataka kumwita daktari. Ya kumi na saba haimo. Tumetafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa ghorofa. Programu haina kosa, Mheshimiwa, wala wewe huna. Ajali ya Mugisho sikuifuta. Nilikuwa nimezoea mno, hata siku ile sikujisumbua kuiandika. Hakuna cha kurejesha, kwa hiyo naiandika leo:

Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi. Mugisho, kibarua, alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya pili, upande wa barabara, baada ya ubao kuvunjika. Alikuwa amebeba matofali. Hakuwa amekunywa chochote. Hata chai ilikuwa haijaiva. Shahidi ni mimi, Masinde. Nilikuwa hatua sita kutoka pale, na nilimwona.