Kiingereza Kilichozidi Kipimo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Dawati la Viza za Wenza,

Kuhusu: Kukataliwa kwangu kwa kosa la kuleta Kiingereza kikubwa kuliko kilichotakiwa

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaogonga mihuri pamoja nawe. Kwa upande wangu mwili hauna neno, ila moyo una kidonda, na kidonda hicho kimetoka mezani kwako.

Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa ishirini na mbili, chumba namba nne ghorofa ya chini, mkabala na duka la fotokopi. Wateja wangu wananiita Fundi Kesho. Jina hilo walinipa kwa mapenzi, kwa kuwa kila anayekuja kuchukua nguo yake huwa namwomba aje kesho, na wapo waliokwishakuja kesho mara tisa. Nalitaja ili ujue kuwa anayekuandikia ni mtu anayeijua vizuri kazi ya kumzungusha mwenzake, na kwamba hata mimi, pamoja na uzoefu wote huo, ninyi mmenishinda.

Mke wangu ni muuguzi. Mlimpa kazi katika hospitali ya huko kwenu miezi kumi na minne iliyopita, akaondoka na sanduku moja. Tangu siku hiyo nalala kwenye kitanda cha watu wawili, upande wangu uleule, kwa sababu upande wa pili una mto wake. Niliomba viza ya kumfuata. Mwezi uliopita mkanijibu kwa ukurasa mmoja kwamba cheti changu cha mtihani wa Kiingereza si cha aina inayotakiwa kwa mume. Barua hiyo niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikavuka nikampelekea dada wa fotokopi anisomee yeye, pengine kwa sauti ya mtu mwingine ingesema jambo jingine. Ilisema lilelile. Basi naleta malalamiko yangu, na nimeyapa namba ili yasichanganyike kama nguo za wateja.

1. Uchaguzi wa mtihani. Dada wa fotokopi alinifungulia mtandao, tukaona mitihani ni mingi kama vitambaa dukani. Kulikuwa na mdogo kabisa wa dakika kumi, kusikiliza na kuongea tu, mtu anaulizwa habari za kazi yake na watu wa nyumbani kwake. Kulikuwa na wa kati. Na kulikuwa na mkubwa, wa wanaokwenda chuo kikuu, una kusoma na kuandika na kila kitu, karibu muda wa saa tatu. Sasa, Mheshimiwa, mwulize fundi yeyote duniani. Mteja akikuletea kitambaa kikubwa, unapunguza. Akikuletea kidogo, mtalia wote wawili. Nikamwomba ushauri jirani yangu fundi viatu, naye akaniunga mkono, akasema kiatu kikubwa unakijaza gazeti lakini kiatu kidogo unakigawa bure. Nikachagua mkubwa. Dada wa fotokopi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikamwambia kwa upole kwamba yeye hajawahi kushika mkasi.

Nilisoma miezi mitano. Nilibandika maneno ya Kiingereza kwenye ukuta, kwenye pasi, na mengine mgongoni mwa yule mdoli wa kuvalisha nguo. Nikafanya mtihani, nikapasi. Si kwa kishindo, lakini dada wa fotokopi anasema kwa alama zile kuna chuo mahali fulani kingeweza kunipokea nikasomee mambo ya udongo. Leo mnaniambia cheti hicho hakifai. Mimi sijawahi kumfukuza mteja aliyeleta mita nne mahali pa mita mbili na nusu. Kinachozidi, fundi anajua pa kukiweka, na mteja mwenye adabu haulizi. Nawasihi nanyi mfanye hivyo. Kateni Kiingereza changu mpaka kifike kipimo cha mume, na mabaki mkayashonee mume mwingine aliyepungukiwa. Nina hakika hapo ofisini hamkosi mume wa kutiwa kiraka.

2. Yaliyoulizwa. Katika mtihani huo mkubwa nilipewa grafu ya matumizi ya maji katika miji mitatu. Niliandika maneno mia moja na hamsini kuhusu maji ya watu nisiowajua, na ule mji wa tatu ulioporomoka katikati ya grafu niliuonea huruma hadi nikapoteza dakika nne. Nimeishi na mke wangu miaka kumi na moja na hajawahi kuniuliza habari za grafu. Huuliza kama nimekula, na nani kaacha mlango wazi.

Baadaye, kwenye sehemu ya kuongea, mama mtahini akanitaka nieleze safari iliyowahi kunifurahisha. Safari niliyoikumbuka ni ile ya kumsindikiza mke wangu uwanja wa ndege, nayo haikunifurahisha hata chembe. Nikamweleza safari ambayo bado sijaifanya, jinsi nitakavyoshuka, na jinsi mke wangu atakavyokuwa amesimama na sare yake ya kazini kwa kuwa hatapata muda wa kubadilisha. Mama yule alinitazama kidogo, akaandika kitu. Sijui aliandika nini, lakini kalamu yake haikuwa na haraka.

3. Kusikiliza. Naona kwenye mtihani wenu mdogo nusu nzima ni kusikiliza. Hili, niwie radhi, ni tusi. Kama kuna mume mmoja asiyehitaji kupimwa kusikiliza, ni mimi. Mke wangu hunipigia kila siku akitoka zamu. Simu naiweka ndani ya kopo la nyuzi ili sauti ivume vizuri, mota ya cherehani inanguruma, yeye anaongea, nami nashona huku nikimwitikia: mm, eeh, haya, sawa kabisa. Miezi kumi na minne na hatujagombana hata siku moja. Nilipomweleza kwamba nimechagua mtihani mkubwa aliongea kwa kirefu sana, siku hiyo nilikuwa na sare thelathini za shule za kupiga pindo, nikamjibu sawa kabisa, tukaelewana. Mliponikataa nilimsomea barua yenu, naye akaongea kwa kirefu kuliko siku ile, nami nikajibu vilevile. Yeye mwenyewe amewahi kusema kwamba kuongea nami ni sawa na kuongea na ukuta. Sifa hiyo haipatikani kwa mtihani wowote, maana ukuta haumkatizi mtu. Naomba basi cheti cha kusikiliza kiwe kinatolewa na mke, kwa mkono wake, na kisiwe na tarehe ya kuisha.

4. Ninyi mmefanya mtihani gani? Swali hili naliuliza kwa heshima zote. Mimi natakiwa kufanya mtihani ili niishi na mke wangu mwenyewe. Ninyi mlimchukua mke huyohuyo bila kufanya hata jaribio la wiki. Hamkuulizwa kama mnajua anapenda chai yake iweje, wala kama mnajua kwamba akinyamaza zaidi ya dakika tano pana jambo. Kwa hiyo napendekeza kila afisa wa dawati lako afike hapa chumba namba nne na kuagiza suruali kwa Kiswahili. Aamkie vizuri, aeleze anataka iwe pana wapi na iwe nyembamba wapi, aambiwe aje kesho, aje, aambiwe tena aje kesho, na aondoke bila kununa. Atakayenuna ameanguka na atarudia baada ya miezi sita.

Msimamizi wa mtihani huo awe mama mkwe wangu. Huja kila Ijumaa kukagua kama sufuria zangu zimetumika, na jicho lake halikosei. Nilipomweleza habari za viza alisema kwamba tangu nimwoe binti yake hajanisikia nikitoa maneno zaidi ya tisa kwa mkupuo, kwa hiyo anashangaa mnataka kunipima kwa lugha ipi. Huyo ndiye mtu wa haki mnayemhitaji. Na ikiwezekana, dawati lote lihamie hapa jirani. Chumba namba tano kiko wazi, kina dirisha, na fundi viatu amekubali kuwapisha kwenye kibaraza.

5. Ukurasa wenu. Barua mliyonitumia haikukatwa sawa. Upande wa kushoto umezidi wa kulia kwa nusu sentimita, nimepima mara tatu. Mtu asiyeweza kunyoosha karatasi asinipime mimi.

6. Koti. Hili nililiacha la mwisho kwa sababu ni zito, na kweli lina uzito, nimelipima kwenye mizani ya duka la nafaka, linakaribia kilo tatu. Wiki ya kwanza mke wangu aliniambia huko kuna baridi inayoingia hadi kwenye meno. Siku hiyohiyo nikaanza kujishonea koti. Ni la sufu, lina bitana mbili, mifuko minne, na mfuko wa tano wa ndani wa kuwekea pasipoti yenye viza yenu. Nililijaribu saa saba mchana, mlango umefungwa, joto likanilaza chini, fundi viatu akaja kunimwagia maji. Sasa limening'inia nyuma ya mashine. Wateja watatu wametaka kulinunua, na mmoja ni mzee anayeshikwa na baridi kila siku hata jua likiwaka. Nimewakatalia wote. Mimi, ambaye sijawahi kumaliza nguo ya mtu kwa tarehe niliyoahidi, hili nililimaliza kwa siku nne. Kama mnatafuta ushahidi kwamba ndoa yangu ni ya kweli, basi nimewaambatishia kipande cha bitana yake. Kishikeni.

Mheshimiwa, niseme bila kuzunguka. Namtaka mke wangu. Nimechoka kuongea na kopo la nyuzi.

Kwa hiyo naomba: mosi, cheti changu kipunguzwe na kipokelewe, pili, nusu ya kusikiliza nisamehewe kwa heshima ya rekodi yangu, tatu, mama mkwe aandikiwe barua ya uteuzi, na iandikwe kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho.

Nisalimie wote hapo dawatini, anayefungua bahasha na anayezifunga, mlinzi wa getini, na yule aliyeandika neno "kwa masikitiko" kwenye barua yangu, mwambie nilimwona. Wasalimie na walio nyumbani kwako. Fundi viatu anakusalimu, dada wa fotokopi anakusalimu, ila mama mkwe anasema salamu zake atazileta mwenyewe.

Wako katika kusubiri, bila hasira nyingi,

Fundi Kesho
Chumba namba nne, ghorofa ya chini

Nyongeza: Mheshimiwa, bahasha nilikwishaifunga, nimeifumua kwa wembe wa kufumulia nguo, kwa hiyo usishtuke ukiona imechanika.

Leo jioni umeme umekatika. Mota ikanyamaza, na kwenye kopo la nyuzi mke wangu alikuwa katikati ya maneno. Nikakosa la kufanya, nikamsikiliza. Mheshimiwa, nimeambiwa mambo. Kumbe siku ile ya sare thelathini alikuwa akinisihi nisifanye mtihani mkubwa, nichukue ule mdogo, na jina la mtihani alinitajia herufi kwa herufi, nami nikamjibu sawa kabisa. Kumbe siku niliyomsomea barua yenu aliniambia nisiandike malalamiko kwa mtu yeyote, kwa kuwa amekwishanisajili mwenyewe kwenye mtihani huo mdogo, nikamjibu haya. Kumbe alihama nyumba mwezi wa tatu. Kumbe tangu wiki ya pili ameniomba nimshonee na yeye koti, kwa kuwa alilonunua huko linabana mabega, nami nikamwitikia mm. Amevumilia baridi miezi kumi na mitatu akisubiri hiyo mm.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwomba msamaha, na hesabu yangu inaonyesha nilitumia maneno zaidi ya tisa. Akanyamaza zaidi ya dakika tano, nami nikakaa kimya naye hadi aliporudi kuongea.

Kwa hiyo tafadhali yafute malalamiko yote, namba moja hadi nne. Ile ya tano nayo ifute, nimepima tena na kumbe futi yangu ndiyo iliyovutika kwa uzee. Nusu ya kusikiliza msinisamehe, nipimeni, naihitaji. Kile kipande cha bitana naomba mnirudishie, kwa kuwa nimekagua mabaki ya sufu na koti la mwanamke linatoka, ila bitana ya kwapani imepungua kidogo kama kiganja.

Mtihani mdogo ni kesho saa tatu asubuhi. Dada wa fotokopi ameniwekea kengele kwenye simu, na mama mkwe ameahidi kuja kunigongea kabla ya kengele. Mashine nimeifunika. Mlangoni nimebandika karatasi kwa ajili ya wateja, nimeandika kwa herufi kubwa: KESHO SIPO.